Dk Fuller Albright, mwalimu aliye nyuma ya jina la Klinefelter

Jina Klinefelter ni gumu kulitamka, na mzazi anayelisikia kwa mara ya kwanza katika chumba cha daktari anaweza kudhani ni jina la kidudu au la dawa. Ni jina la mtu. Harry Klinefelter alikuwa daktari kijana wa Marekani ambaye mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 30, jina lake lilitangulia kwenye makala ya kitabibu iliyoeleza habari za wanaume tisa wenye dalili zinazofanana. Tangu hapo, hali hiyo imeitwa kwa jina lake.

Lakini Klinefelter mwenyewe, hata alipokuwa mzee, alieleza wazi kwamba ugunduzi ule ulikuwa wa mwalimu wake, ambaye kwa ukarimu tu alimruhusu aliweke jina lake mbele. Mwalimu huyo ni Dk Fuller Albright, mmoja wa madaktari wakubwa wa homoni wa karne ya 20.

Wiki hii tunaangalia maisha yake. Tunafanya hivyo kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo mgonjwa na mzazi wanahitaji kuyajua: hali hii ni nini, kwa nini wengi wanayo bila kujua, na kwa nini hakuna wa kulaumiwa.

Kutoka Buffalo hadi Boston

Fuller Albright alizaliwa Januari 12, 1900 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri aliyewajengea watu wa mji huo jumba la sanaa. Kijana huyo angeweza kuishi kwa mali ya nyumbani, lakini alichagua udaktari. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard na kuhitimu shahada ya udaktari mwaka 1924.

Baadaye alikwenda Vienna, Austria, akafanya kazi kwa muda na Jakob Erdheim, mtaalamu wa kuchunguza miili na viungo vya marehemu ili kujua kilichowaua. Aliporudi, aliweka makao katika Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, na hapo ndipo alipofanyia kazi zake kubwa.

Katika hospitali hiyo kulikuwa na wodi ndogo, Wodi Namba 4, yenye vitanda 10. Mgonjwa aliyelazwa humo alipimiwa kila chakula alichokula, na mkojo na choo chake vilikusanywa na kupimwa pia. Albright alifanya kama mwenye duka anayelinganisha mali iliyoingia na iliyotoka. Kama kalsiamu iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia, basi ilikuwa ikichukuliwa mahali fulani mwilini, na mahali hapo ni kwenye mifupa.

Mmoja wa wagonjwa waliomfundisha alikuwa nahodha wa meli ambaye mifupa yake ililainika hadi akapungua urefu kwa takriban sentimita 18. Chanzo kilikuwa uvimbe kwenye mojawapo ya tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu, ambazo kwa kawaida hukaa shingoni. Shingoni haukuonekana. Ulipatikana kifuani mwaka 1932, katika operesheni ya saba. Nahodha alifariki dunia muda mfupi baadaye, lakini kupitia kwake madaktari waliuelewa ugonjwa ambao leo hugunduliwa mapema na kutibiwa.

Daktari anayetetemeka

Albright alikuwa bado katika miaka ya thelathini ya umri wake alipoanza kutetemeka. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ambao huharibu sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili. Baadhi ya walioandika juu yake wameuhusisha na homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918, ambayo ilimpata akiwa kijana katika mafunzo ya jeshi.

Wakati huo hakukuwa na dawa nzuri ya Parkinson. Mikono ilitetemeka, viungo vikakaza, sauti ikafifia, na mwandiko ukawa hausomeki. Alikuwa na mke na watoto wawili wa kiume, na kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa inapamba moto.

Hakujificha. Madaktari vijana waliokuja kujifunza kwake walijua kwamba sehemu ya kazi yao ni kumwendesha gari na kumwandikia. Yeye alibaki na kile ambacho ugonjwa haukukigusa, yaani akili na macho. Kazi zake nyingi mashuhuri alizifanya akiwa tayari mgonjwa. Alieleza kwa nini mifupa ya wanawake hudhoofika baada ya kukoma hedhi. Alitambua magonjwa kadhaa ya homoni, na mojawapo hadi leo lina jina lake pamoja na la daktari mwingine: McCune-Albright. Mwaka 1945 alichaguliwa kukiongoza chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani.

Wanaume tisa

Mwaka 1941 Harry Klinefelter alitoka Baltimore kuja Boston kujifunza kwa Albright kwa mwaka mmoja. Muda mfupi baada ya kufika, alikutana kliniki na kijana mrefu mweusi aliyekuwa ameota matiti na mwenye korodani ndogo sana. Alimuuliza mwalimu wake ni ugonjwa gani. Albright hakuwa na jibu, ila alikuwa ameshaona wengine wa namna hiyo. Akamwachia mwanafunzi wake kazi ya kuwakusanya na kuwachunguza.

Walipatikana tisa. Walifanana katika mambo matatu. Matiti yao yaliota wakati wa kubalehe au baada yake. Korodani zao zilikuwa ndogo na hazikuwa zikitengeneza mbegu za kiume. Na mkojo wao ulikuwa na kiasi kikubwa mno cha homoni ambayo maabara huiandika FSH.

Siku hizi FSH hupimwa kwa damu kidogo tu. Wakati ule ilibidi mkojo ukusanywe, uchujwe, kisha wadungwe panya wachanga wa kike, na baada ya siku chache waangaliwe kama viungo vyao vya uzazi vimekua. Ilikuwa kazi ndefu, na matokeo yake yalikuwa na maana kubwa.

Homoni ya FSH hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ni kama msimamizi anayeamuru korodani zifanye kazi. Korodani zikiitika, msimamizi hutulia. Zisipoitika, huendelea kupiga kelele, na FSH hupanda. Kwa hiyo kwa wanaume wale tisa amri ilikuwa inatoka ipasavyo. Hitilafu ilikuwa kwenye korodani zenyewe.

Hesabu hiyo bado ndiyo inayotumika. Kijana mwenye korodani ndogo na FSH ya juu ni lazima afikiriwe kuwa na hali ya Klinefelter hadi kipimo kithibitishe vinginevyo.

Makala ilipokuwa tayari mwaka 1942, Albright alikuwa mtu mashuhuri na Klinefelter hakuwa akijulikana. Kwa desturi ya hospitali nyingi, jina la mkubwa lingetangulia. Albright aliliweka la kijana mbele, likafuata la msaidizi wake Edward Reifenstein, na lake likawa la mwisho.

Chanzo ambacho hakukiona

Albright aliiona hali ile vizuri, lakini hakujua inaanzia wapi. Alidhani korodani za wanaume wale zimekosa homoni ya pili, tofauti na testosteroni, ambayo kazi yake ni kuituliza tezi ya pituitari. Homoni hiyo ipo kweli. Huitwa inhibini, na wanasayansi walifanikiwa kuitenga katika miaka ya 1980. Lakini kukosekana kwake ni matokeo tu. Mzizi ulikuwa ndani zaidi, kwenye seli, mahali ambapo vifaa vya mwaka 1942 havikuweza kufika.

Mwaka 1949, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram, nchini Canada, waliona kidoa kidogo ndani ya seli za paka jike ambacho hakikuwepo kwenye seli za dume. Baadaye kidoa hicho kilionekana pia kwa wanawake. Mwaka 1956 watafiti walikipata kwa wanaume wenye hali ya Klinefelter.

Kipindi kigumu kwa wagonjwa kikaanza. Wapo wataalamu waliosema kwamba watu hawa, kwa vinasaba, ni wanawake. Mtu aliyeishi maisha yake yote kama mwanamume aliweza kujikuta akiambiwa hivyo.

Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1959. Patricia Jacobs na Dk John Strong, mjini Edinburgh, Scotland, walihesabu kromosomu za mwanamume mwenye hali hii. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46. Mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Mgonjwa wao alikuwa na 47: X mbili na Y moja, yaani XXY.

Y ndiyo inayoagiza kijusi kiwe cha kiume. Penye Y, korodani huota. Kwa hiyo mtu mwenye XXY ni mwanamume, mwenye kromosomu moja ya ziada. Hayuko nusu kwa nusu, na hakukosewa alipozaliwa.

Kimya cha miaka 13

Wakati jibu hilo linatoka Edinburgh, Albright alikuwa amelazwa katika hospitali ileile ya Boston alikokuwa akitibu wengine.

Mwaka 1956, ugonjwa ukiwa umembana, aliamua kufanyiwa upasuaji wa ubongo uliokuwa mpya wakati huo, ambapo pombe kali ilidungwa kwenye sehemu ndogo ya ubongo ili kupunguza kutetemeka. Wenzake walimshauri asifanye. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Ulipofanywa upande wa pili, damu ilivuja ndani ya ubongo. Albright alipoteza uwezo wa kuzungumza na hakuupata tena.

Aliishi hivyo miaka 13, akihudumiwa hospitalini hapo, hadi alipofariki dunia Desemba 8, 1969. Mtu aliyewatambua wanaume wale tisa hakupata kusema lolote kuhusu kromosomu ya ziada. Klinefelter alirudi Baltimore, akafundisha na kutibu katika Hospitali ya Johns Hopkins kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1990, akiwa ameshuhudia jina lake likiingia kwenye vitabu vya tiba duniani kote, na akiwa ameshaandika sifa ile inamwendea nani.

Hakuna wa kulaumiwa

Kromosomu ya ziada hutokea kwa bahati wakati yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa. Kromosomu zinapogawanyika, mbili ambazo zingetengana hubaki pamoja. Takriban nusu ya safari, kosa hilo hutokea upande wa baba, na nusu nyingine upande wa mama. Umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano kidogo, lakini hata wazazi vijana hupata mtoto wa namna hii.

Halisababishwi na chakula, dawa, kazi nzito wakati wa ujauzito, ugomvi wa ndoa wala jicho la mtu. Kwa kawaida halirithiwi pia, kwa hiyo kuwa na mtoto mmoja mwenye hali hii hakumaanishi kwamba wanaofuata wataipata. Anayetafuta wa kumlaumu, awe baba au mama mkwe, hana pa kuanzia.

Wala si hali adimu. Kati ya wavulana 500 hadi 1,000 wanaozaliwa, mmoja huwa nayo. Hata hivyo, katika nchi zenye takwimu nzuri, ni takriban robo tu yao wanaogunduliwa katika maisha yao. Wengi huishi na kuzeeka bila kujua. Wengine hugundua wakiwa watu wazima, ndoa ikiwa na miaka kadhaa bila mtoto, na mara nyingi mke ndiye amekuwa wa kwanza kupimwa na kusemwa.

Dalili za kuangalia

Wavulana tisa kati ya 10 wenye hali hii hawagunduliki kabla ya kubalehe, kwa sababu utotoni dalili ni chache. Mtoto huzaliwa akionekana wa kawaida kabisa. Baadhi huchelewa kuongea, na wakifika shuleni hupata shida kusoma na kujieleza. Hao wanahitaji msaada wa masomo na wa lugha mapema. Wengi wana akili ya kawaida, na fimbo haitawasaidia.

Dalili huonekana zaidi kuanzia umri wa miaka 11 hadi 15. Kijana hurefuka kuliko ndugu zake, hasa miguu. Balehe huanza, kisha huonekana kama imesimama njiani. Ndevu ni chache, misuli haijai, na mtoto huchoka haraka. Matiti yanaweza kuota. Ikumbukwe kwamba wavulana wengi wa kawaida huota matiti kidogo wakati wa balehe na hupotea yenyewe, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi.

Dalili inayopatikana karibu kwa kila mmoja ni korodani ndogo na ngumu. Korodani ya mtu mzima huwa na ujazo wa takriban mililita 15 hadi 25. Kwa mwenye hali ya Klinefelter mara nyingi haifiki mililita 5. Daktari hulinganisha kwa shanga maalumu za ukubwa tofauti, na kazi hiyo huchukua dakika moja. Wengi hukosa kugunduliwa kwa sababu dakika hiyo haikutumika: kijana aliona haya kuvua, au daktari hakuomba.

Kinachothibitisha ni kipimo cha kromosomu, ambacho maabara hukiita kariotaipu. Huchukuliwa damu tu. Si kila hospitali inayo huduma hiyo, kwa hiyo omba rufaa kwenda kwa daktari wa homoni au wa watoto katika hospitali kubwa.

Tiba iliyopo

Kromosomu ya ziada haiwezi kuondolewa. Kinachotibiwa ni upungufu unaotokana nayo. Kijana ambaye mwili wake hautengenezi testosteroni ya kutosha hupewa ya dawa, kwa sindano au ya kupaka, kuanzia umri wa balehe. Humsaidia kupata ndevu, misuli, nguvu na mifupa imara. Hapa kazi ya Albright inarudi tena, kwani mwanamume mwenye upungufu huo wa muda mrefu hupata udhaifu wa mifupa kama ule aliouchunguza kwa wanawake.

Matiti yaliyokwisha kukomaa hayaondoki kwa dawa hiyo. Yanayomsumbua kijana yanaweza kuondolewa kwa upasuaji. Mtu mzima mwenye hali hii afuatiliwe pia kwa kisukari na kuganda kwa damu kwenye mishipa ya miguu, na aripoti uvimbe wowote wa titi. Saratani ya titi kwake ni nadra, lakini uwezekano ni mkubwa kuliko kwa wanaume wengine.

Kuhusu watoto, kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba haiwezekani. Tangu miaka ya 1990 jibu limebadilika. Kwa upasuaji mdogo, mtaalamu anaweza kutafuta mbegu ndani ya korodani, na kwa wanaume wanne hadi watano kati ya 10 hupatikana. Mbegu hizo hutumika kutungisha yai maabara. Huduma hiyo ni ghali na haipo kila mahali, ila ni vizuri kujua kwamba ipo. Jambo moja la kukumbuka: testosteroni ya dawa inaweza kudidimiza mbegu chache zilizopo. Mwanamume anayetaka mtoto aongee na mtaalamu kabla ya kuianza, na anayeitumia asiiache bila ushauri.

Mwambie mtoto

Mzazi aliyepata majibu huwa na hamu ya kuyaficha. Kwa nje inaonekana ni huruma, lakini mtoto hujiona tofauti bafuni na bwenini kabla hujamwambia, na asipopewa jina la hali yake atajipa mwenyewe, au atapewa na wenzake kwa matusi. Mwambie kidogo kidogo kulingana na umri. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuambiwa kwamba mwili wake una kipande kimoja cha ziada kinachofanya kusoma kuwe kugumu. Wa miaka 14 anastahili kuambiwa yote, pamoja na habari ya uzazi, naye apewe nafasi ya kumuuliza daktari mwenyewe bila mzazi kuwepo.

Albright aliishi zaidi ya miaka 30 na ugonjwa ulioonekana na kila aliyemtazama. Aliwaambia wasaidizi wake wanachotakiwa kumsaidia, akaendelea na kazi. Wanaume tisa waliokubali kuvua nguo mbele yake na mbele ya mwanafunzi wake ndio waliowezesha mwanao leo apimwe na kupewa jibu. Kama kuna dalili ulizozisoma hapa na kuzitambua nyumbani kwako, mpeleke kijana wiki hii, na mwombe daktari afanye uchunguzi ule wa dakika moja.